Tujenge Mashua Zetu Nyumbani

Umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Sasa watu wanakuuliza, "Elimu hiyo itakusaidia nini?" Hilo ni swali zuri, na jibu lake lisiwe la maneno matupu. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tangu wakati ule shabaha ya madarasa yetu imekuwa moja: kisomo kiwe na manufaa katika kazi na katika maisha.

Leo nataka kuzungumza nawe wewe unayeishi kando ya maji. Labda unakaa Pangani, Mafia, Kilwa au Lindi. Labda unakaa kando ya Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa. Maoni yangu ni haya: mtu aliyejua kusoma na kuhesabu anaweza kujenga mashua ndogo ya mbao nyumbani kwake, akishirikiana na fundi. Naye anapaswa kuipaka rangi mwenyewe na kuitunza mwenyewe. Wako watakaonipinga. Nitayataja maneno yao na kuyajibu. Wewe utapima nani ana haki.

Kwa nini uwe na chombo chako?

Katika vijiji vingi vya pwani mapato ya uvuvi hugawanywa mafungu. Wavuvi wana fungu lao, na mwenye chombo na nyavu ana fungu lake. Huu si wizi. Mwenye chombo ametoa mali yake, naye ana haki ya kulipwa. Lakini fanya hesabu uone.

Tuseme wavuvi wawili wameuza samaki, wakatoa gharama zote, zikabaki shilingi 40,000. Nusu ni ya chombo na nyavu, yaani shilingi 20,000. Kila mvuvi anapata shilingi 10,000. Wakienda baharini siku 20 katika mwezi, fungu la chombo ni 20,000 mara 20, yaani shilingi 400,000. Huu ni mfano tu. Andika hesabu za kijiji chako kwenye daftari, ujionee mwenyewe. Wako watu waliovua miaka 10 kwa chombo cha kukodi bila kuiandika hesabu hii hata siku moja.

Jambo hili si la wanaume peke yao. Wanawake wengi wa Unguja, Pemba, Tanga, Mafia na Lindi hulima mwani. Siku hizi maji ya kina kifupi hupata joto sana, na mwani huharibika. Wakulima wengine wameanza kwenda kwenye maji ya kina kirefu zaidi. Huko hakufikiki kwa miguu. Mama asiye na chombo hungoja hisani ya mwenye chombo, huku maji ya bahari hayamngoji. Kikundi cha akina mama watano kinaweza kumiliki mashua moja na kupangiana zamu.

Mbao au gogo?

Wazee wetu walichonga mitumbwi kutoka gogo moja. Ni kazi ya ustadi, nami ninaiheshimu. Lakini tazama vibanzi vilivyolala chini fundi anapomaliza. Sehemu kubwa ya mti imekuwa kuni. Mara nyingi mti wenyewe ni mwembe mkubwa, uliolisha watoto maembe miaka mingi. Mti mnene wa namna hiyo hauoti kwa mwaka mmoja wala miaka mitano.

Gogo lile lile likipasuliwa mbao, hutoa mbao za kutosha zaidi ya chombo kimoja. Kwa hiyo nasema tujenge kwa mbao. Na kabla ya kukata mti wa msitu, pata kibali. Ukinunua mbao, dai stakabadhi na uiweke. Sasa unaweza kuisoma.

Chagua mbao kwa macho. Kiini cha mti ni kigumu na chenye rangi nzito. Sehemu ya nje, iliyo karibu na gome, ni nyepesi na huoza upesi. Mvule na mtiki hudumu kwenye maji. Paini ni rahisi kupatikana, lakini huoza mapema isipotiwa dawa na kupakwa rangi vizuri. Usinunue ubao wenye ufa mrefu, wala wenye fundo lililolegea, hata kama bei yake inakuvutia.

"Mimi si fundi"

Hapa ndipo wengi wananipinga. Wanasema, "Kazi ya mashua ni ya fundi. Jicho lake ndilo futi yake." Ni kweli. Fundi mzuri hutazama ubao na kujua utapinda wapi. Sisemi tuwaache mafundi. Nasema tukae nao.

Mwite fundi akupimie, akukatie ncha ya mbele na ya nyuma, na akusimamishie mataruma. Hayo ni mambo magumu. Lakini kupiga randa, kutoboa kwa keekee, kupigilia misumari, kutia kalafati, kupiga msasa na kupaka rangi, hayo unaweza kuyafanya uani kwako, chini ya kivuli, fundi akikusimamia. Ujira wa siku nyingi utapungua. Zaidi ya hayo, utakijua chombo chako ndani na nje. Kikianza kuvuja, utajua pa kutazama.

Na hapa kalamu ina kazi yake. Muulize fundi kila kipimo, ukiandike. Urefu ni mita ngapi? Upana ni ngapi mbele, katikati na nyuma? Taruma na taruma zimeachana sentimita ngapi? Misumari mingapi ilitumika? Mashua ya pili utaijenga kwa daftari hilo. Mwanao ataijenga ya tatu.

Kumbuka habari ya mtepe. Hicho kilikuwa chombo cha watu wa Lamu, Pate na visiwa jirani. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ulisafiri pwani hii kwa karne nyingi. Karne ya 20 ilipofika katikati, mtepe ulikuwa umetoweka baharini. Waliotaka kujua ulivyojengwa ilibidi watazame sanamu ndogo zilizowekwa makumbusho, na wasome maandishi ya wageni waliopita pwani. Mafundi wenyewe walijua kila kitu, lakini ujuzi ulikaa mikononi na vichwani mwao, wakafa nao. Je, tutakubali jambo hilo litupate tena?

Hesabu inayookoa maisha

Tuchukue mashua ndogo yenye kitako bapa. Tuseme kitako chake kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1. Kimo cha ubavu ni sentimita 45. Je, mashua hii itabeba mzigo gani?

Chombo huelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake pamoja na mzigo. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Maji ya bahari ni mazito kidogo zaidi, lakini tutumie hesabu hiyo hiyo.

Mashua ikizama sentimita 10, inasukuma maji ya mita 3 mara mita 1 mara mita 0.1. Jibu ni mita za ujazo 0.3, yaani lita 300. Kwa hiyo inabeba kilo 300. Ikizama sentimita 20, inabeba kilo 600.

Lakini usisahau uzito wa mashua yenyewe. Tuseme ni kilo 150. Toa 150 katika 600, zinabaki 450. Hizo ni za watu, nyavu, nanga, maji ya kunywa na samaki wote pamoja. Hapo ubavu unabaki sentimita 25 tu juu ya maji. Usipite hapo. Upepo ukivuma, wimbi dogo litaruka ndani.

Mtu mwingine husema, "Mungu ndiye anayelinda." Ni kweli, lakini Mungu ametupa akili ya kuhesabu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa. Vyombo hivyo vilikuwa vikubwa, tena vya chuma. Vilikuwa vimebeba kupita kiasi chake. Mashua ndogo ya mbao itavumilia vipi?

Fanya na jambo hili la nafuu. Chukua madumu matupu ya lita 20, yafunge vifuniko barabara, kisha yafunge kwa kamba imara chini ya viti. Kila dumu litabeba karibu kilo 20 mashua ikijaa maji. Madumu manne ni karibu kilo 80. Mashua haitazama chini, nawe utakuwa na pa kushika. Madumu hayachukui nafasi ya jaketi la kuokolea maisha. Vaa jaketi pia.

Rangi si pambo

Sasa tufike kwenye rangi. Watu wengi hupaka rangi siku mashua inaposhushwa majini, ili ipendeze. Baadaye hawaipaki tena mpaka imechakaa. Hili ni kosa. Rangi ni nguo ya mbao. Inazuia maji kuingia.

Mbao huozeshwa na ukungu. Ukungu huo unahitaji unyevu, hewa na joto. Hewa na joto hatuwezi kuviondoa. Unyevu tunaweza kuupunguza. Tena jua kwamba maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Mvua ikinyesha ndani ya mashua iliyopumzika, chukua upo uyakaushe maji siku hiyo hiyo. Ukiweza, ifunike kwa makuti au turubai, lakini acha upepo upite.

Baharini kuna adui mwingine. Ni mdudu mlaini anayefanana na mnyoo, lakini kwa kweli ni wa jamaa ya chaza. Anaingia kwenye ubao kwa tundu dogo sana, kisha anachimba ndani. Nje ubao unaonekana mzima, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Wazee walijua dawa. Walipandisha chombo pwani, wakaisafisha sehemu ya chini, wakaipitishia moto wa makuti, wakaipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Dawa hiyo bado ni nzuri kwa chombo kisichopakwa rangi chini. Lakini usipitishe moto kwenye rangi. Moshi wake ni sumu.

Jambo lingine ni mafuta. Kupaka sifa, yaani mafuta ya papa, ni desturi nzuri, na hulinda mbao. Lakini rangi haishiki juu ya mafuta. Chagua moja: ama mafuta, ama rangi. Oili chafu ya magari usiitumie kabisa. Inachafua maji tunamovulia, inachafua ngozi, na siku utakayotaka kupaka rangi itakukatalia.

Namna ya kupaka

Fuata hatua hizi. Usiruke hata moja.

1. Acha mbao zikauke vizuri chini ya kivuli. Rangi iliyopakwa juu ya ubao wenye maji itavimba na kubanduka.

2. Tia kalafati kwenye viungo vyote. Sokota pamba, ichovye mafuta kidogo, kisha iingize kwa patasi butu na nyundo. Usipige kwa nguvu mno. Mbao zitavimba zikifika majini, nazo zitakaza zenyewe.

3. Piga msasa, kisha futa vumbi lote.

4. Paka rangi ya kwanza, ile ya kushika mbao. Ncha za mbao zipake mara mbili, maana hapo ndipo maji yanapoingia upesi. Ni vizuri zaidi kuzipaka kabla ya kuunganisha.

5. Ziba matundu ya misumari, piga msasa tena kwa wepesi.

6. Paka rangi ya mafuta mara mbili, ndani na nje. Kila safari iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Paka asubuhi umande ukishakauka, au jioni mapema. Jua kali hukausha ngozi ya juu, na chini rangi hubaki mbichi. Tumia misumari isiyoshika kutu, la sivyo kutu itatokeza juu ya rangi yako mpya.

Je, ununue lita ngapi? Hesabu. Nje ya mashua yetu, kitako na mbavu, ni kama mita za mraba 7. Ndani ni kama 7 nyingine. Jumla 14. Utapaka mara tatu, kwa hiyo 14 mara 3 ni 42. Kwa kawaida lita 1 hupaka kama mita za mraba 10 kwenye mbao laini. Utahitaji lita 4 na kidogo. Mbao zikiwa na mikwaruzo, nunua lita 5. Gawanya kwa aina: rangi ya kwanza theluthi moja, rangi ya mafuta theluthi mbili. Muuza duka asikuuzie lita 10 kwa sababu tu hukujua.

Jihadhari na mashua kuukuu uliyonunua kwa mtu. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Usiikwangue ikiwa kavu. Ilowe kwanza. Funika pua na mdomo, kusanya maganda yote, na watoto wawe mbali. Usile wala usivute sigara kabla ya kunawa mikono. Nyumbani ni mahali pazuri pa kujenga, lakini ni nyumbani pia kwa watoto.

"Fibaglasi ni bora"

Wengine watasema wakati wa mbao umepita, tununue boti za fibaglasi. Sikatai. Boti hizo hazioi, na mdudu wa baharini hazili. Kikundi kinachopata mkopo wa haki kiifikirie. Lakini bei yake ni kubwa kwa mtu mmoja, na ikipasuka dawa zake zinatoka mjini. Ubao ukivunjika, fundi wa kijijini ataubadilisha kwa siku chache. Tusidharau kilicho mikononi mwetu kwa kungoja kilicho mbali.

Andika jina lake

Mashua ikishakauka, fika ofisi ya uvuvi ya wilaya. Chombo cha uvuvi kiandikishwe, na mvuvi awe na leseni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka hivyo. Jaza fomu mwenyewe. Soma kila mstari kabla ya kutia sahihi.

Kisha chukua brashi ndogo. Andika jina la mashua na namba yake kwa mkono wako, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa mbali. Mashua ikipotea, namba hiyo ndiyo itakayowaambia waokoaji wanamtafuta nani. Hapo hutamwomba mtoto wa shule akuandikie.

Usishuke kilindini siku hiyo. Iache mashua siku mbili kwenye maji mafupi, mbao zivimbe na viungo vifunge. Tazama panapovuja, upatie alama. Kisha ingia na mzigo mdogo, karibu na ufuko.

Ndugu msomaji, haya ndiyo maoni yangu. Asiyeyakubali aje darasani tujadiliane. Lakini aje na hesabu zake zimeandikwa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika kijiji chako mwenye chombo huchukua fungu gani? Fanya hesabu ya mwezi mmoja.

2. Kitako cha mashua kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1. Ikizama sentimita 15, inabeba kilo ngapi pamoja na uzito wake?

3. Kwa nini rangi haishiki juu ya mafuta ya papa au oili?

4. Taja fundi mmoja mzee katika kijiji chako. Ni ujuzi gani alio nao ambao bado haujaandikwa? Nani kati yenu atakwenda kuuandika, na lini?